Mashamba Yasiyo na Kuta: Jinsi Kilimo cha Kale cha Buha Kinavyosomwa Ardhini

Wanafunzi wa akiolojia, yaani taaluma inayochunguza maisha ya watu wa kale kwa kutumia mabaki waliyoyaacha ardhini, kwa kawaida huanza kujifunza mahali ambapo jicho lina kitu cha kushika, kama vile ukuta, kaburi, mfereji au magofu ya msikiti. Nyanda za juu za Kigoma, hasa maeneo ya Kasulu na Kibondo, hazimpi mwanafunzi msaada huo, kwa sababu watu waliolima vilima vyake kwa karne nyingi walijenga kwa miti, nyasi na udongo, wakalima kwa jembe la mkono, na walipohama shamba lilirudi kuwa pori baada ya misimu michache tu. Ndiyo maana si vigumu kumkuta msomi anayeamini kwamba historia ya kilimo cha Buha, yaani nchi ya Waha katika nyanda hizo, huanza pale wageni walipoanza kuiandika. Imani hiyo inatokana na udhaifu wa mbinu, wala si uhaba wa ushahidi: ushahidi upo, ila ni mdogo kwa umbo, na unadai zana tofauti na zile zilizowapatia umaarufu wakulima wa kale wa kwingineko.

Wakulima wa kale wanaotajwa mara nyingi katika vitabu vya taaluma hii ni Wamaya wa Amerika ya Kati, ambao nchi yao ilienea katika maeneo ambayo leo ni kusini mwa Mexico, Guatemala, Belize na sehemu za Honduras na El Salvador. Wamaya waliacha matuta ya mawe kwenye miteremko ya Caracol huko Belize, na mashamba yaliyoinuliwa kati ya mitaro kwenye vinamasi kama kile cha Pulltrouser, kilichochunguzwa na B. L. Turner na Peter Harrison kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi wa lida, yaani upimaji wa ardhi kwa miali ya leza inayotumwa kutoka kwenye ndege na kupenya katika mianya ya majani, uliofanyika juu ya kilomita za mraba zaidi ya 2,000 za msitu wa Guatemala na kuonyesha zaidi ya majengo 60,000 pamoja na matuta, mifereji na barabara. Kwa njia hiyo mwanafunzi anayekwenda Guatemala anaweza kuliona shamba la kale kwenye kompyuta kabla hajashika mwiko wa kuchimbia. Kisa cha ajabu zaidi ni cha Joya de Cerén, kijiji cha El Salvador kilichofunikwa na majivu ya volkano katika karne ya 7 BK, ambako kikosi cha Chuo Kikuu cha Colorado kilichoongozwa na Payson Sheets kilikuta mashimo matupu yaliyoachwa na mimea iliyooza ndani ya majivu, kikayajaza plasta, na mwaka 2007 kikapata umbo la mihogo ikiwa bado kwenye matuta yake. Msomaji wa Kasulu ataelewa haraka kwa nini jambo hilo liliwashangaza wataalamu, maana muhogo ukishang'olewa na kuliwa hauachi karibu chochote ardhini.

Tanzania nayo ina shamba lake la mawe. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa nchi, ina takribani kilomita za mraba 20 za viwanja vilivyogawanywa kwa kuta fupi za mawe na kunyweshwa kwa mifereji kati ya karne ya 15 na ya 18, na imewavuta watafiti kama Louis Leakey, aliyefika hapo mwaka 1935, kisha Hamo Sassoon katika miaka ya 1960, John Sutton baada yake, na katika miaka ya karibuni Daryl Stump na wenzake, ambao wameonyesha kwamba baadhi ya viwanja havikukutwa tayari bali vilitengenezwa kwa kuyazuia maji ya mito ili yaache tope lake nyuma ya kuta. Ni mahali pazuri pa kumfundishia mwanafunzi, lakini pana hatari yake. Anayejifunza kilimo cha kale Engaruka peke yake huweza kuondoka akidhani kwamba pasipo na ukuta hapakuwa na ustadi, wakati sehemu kubwa ya wakulima wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kujenga ukuta hata mmoja, kwa kuwa mvua ilitosha na ardhi ya kuhamia ilikuwapo.

Buha ni nchi ya namna hiyo. Vilima vya Kasulu na vile vya Buhigwe, ambayo ilikuwa sehemu ya Kasulu hadi mwaka 2012, hupata mvua ya kutosha kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba hadi Mei. Kuelekea Kibondo na mashariki yake ardhi hushuka polepole na kuingia kwenye miombo, yaani misitu ya miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, na hatimaye kwenye mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Leo mkulima wa huko hulima mahindi, maharage, muhogo, ndizi na, katika sehemu za juu, kahawa. Katika orodha hiyo mahindi, maharage na muhogo ni mazao ya Amerika, na yote matatu yalikuwa yakilimwa katika nchi ya Wamaya kabla hayajavuka bahari baada ya mwaka 1492. Kwa hiyo mwanafunzi anayesimama leo katikati ya shamba la Kasulu hawezi kuichukua mimea anayoiona kuwa picha ya kilimo cha mababu wa mahali hapo, bali inambidi aiondoe kichwani na kuirudisha ile iliyotangulia: mtama, ulezi, uwele, kunde, njugu mawe, viazi vikuu, na migomba, ambayo nayo ilitoka Asia lakini muda mrefu kabla ya mahindi.

Namna kuu ya kuipata mimea hiyo ni kuelesha, yaani kuutia udongo wa kale ndani ya maji ili vitu vyepesi vielee. Nafaka mbichi huoza au huliwa na wadudu, lakini punje iliyoungua pasipo kuteketea, kwa mfano ile iliyodondoka kando ya mafiga, hugeuka kaboni, na kaboni haina mdudu anayeitaka. Kazi yenyewe hufanyika kwa ndoo. Udongo mwekundu wa nyanda hizi una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo madongo hulowekwa kwanza katika maji yaliyotiwa bikaboneti ya soda ili yalegee, kisha hukorogwa kwa mkono taratibu, na utando mweusi unaopanda juu humiminwa kwenye kitambaa chenye matundu ya robo milimita. Kitambaa hufungwa pamoja na kibandiko chenye namba ya shimo na ya tabaka, kikaning'inizwa kivulini, kwa kuwa jua kali hukausha upesi mno na kuipasua mbegu iliyookoka ardhini kwa miaka 1,000. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni vizizi vya nyasi za mwaka jana, maganda ya wadudu na makaa yasiyotambulika, na ni katikati ya takataka hizo, chini ya darubini, ndipo mwanafunzi hutafuta punje ya mtama, yenye urefu wa milimita tatu au nne na kovu pana la kiinitete upande mmoja, au ya ulezi, ambayo ni duara, haifiki milimita mbili, na ngozi yake ina vinundu vidogo vidogo. Mwanafunzi anayeona kazi hii ni ya kuchosha ana haki, lakini hakuna njia ya mkato.

Njia hiyo imeshazaa matunda katika nchi jirani zenye udongo na hali ya hewa inayokaribiana na ya Buha. Nchini Rwanda, John Giblin na Dorian Fuller walichapisha mwaka 2011 matokeo ya maeneo saba ya milenia ya kwanza na ya pili BK yaliyotoa mbegu za nafaka za Kiafrika, zikiwamo mtama, uwele na ulezi. Kule Kakapel, magharibi mwa Kenya, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulipata kunde zenye umri wa takribani miaka 2,300, pamoja na mtama na mamia ya punje za ulezi za angalau miaka 1,000 iliyopita. Lililo muhimu katika uchunguzi huo ni kwamba umri ulipimwa kwenye mbegu yenyewe kwa kaboni ya 14, aina ya kaboni inayopungua nusu kila baada ya miaka takribani 5,730 tangu kiumbe kife. Umuhimu wa jambo hilo katika Buha ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mchwa wa ukanda wa miombo hawaheshimu matabaka: hupandisha udongo wa chini juu na kuangusha mbegu ya juu chini, na moto wa nyika huongeza kila kiangazi makaa ambayo hayakupitia jiko la mtu yeyote. Kupima kipande cha kaa kilichokutwa karibu na punje ya mtama, kisha kutangaza kwamba mtama una umri huohuo, ni kosa ambalo katika udongo huu hadhari pekee haitoshi kuliepuka.

Zipo mbinu nyingine zinazofanya kazi vizuri kwa Wamaya ambazo zikiletwa Kasulu hukwama. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana kwa uzito tu. Mimea hujenga sukari yake kwa njia mbili kuu, ambazo wanasayansi huziita C3 na C4, na kila njia huacha uwiano wake wa kaboni nzito na nyepesi, ambao huhamia kwenye mifupa ya anayeila. Katika nchi ya Wamaya, ambako karibu chakula chote kilikuwa cha C3 isipokuwa mahindi, kipimo cha mfupa huonyesha moja kwa moja kiasi cha mahindi alichokula mtu. Buha haina unafuu huo, maana mtama, uwele, ulezi na mahindi vyote ni vya C4, na nyasi nyingi wanazokula ng'ombe pia ni za C4, hivyo mlaji wa ugali wa mtama wa karne ya 10, mnywaji wa maziwa wa karne ya 15 na mlaji wa mahindi wa karne ya 19 wanaweza kutoa jibu lilelile. Zaidi ya hayo, udongo mwekundu wenye asidi huila mifupa yenyewe, na mara nyingi hakuna cha kupima.

Mgomba, kwa upande wake, ni kitendawili chenye ufumbuzi. Hauna mbegu wala hautoi chavua ya kutegemewa, lakini majani yake hujenga faitolithi, yaani chembe za silika zinazotengenezwa ndani ya mmea kutokana na maji unayoyanyonya na ambazo hubaki udongoni mmea ukioza, na zile za mgomba zina umbo la mlima wenye kreta kileleni. Ni kwa chembe hizo kwamba Julius Lejju, Peter Robertshaw na David Taylor walidai mwaka 2006 kuwa migomba ilikuwapo Munsa, Uganda, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, dai ambalo wataalamu wengi hawajalikubali, kwa sababu ya umri wake mkubwa mno na uwezekano wa chembe kusogea katika matabaka ya kinamasi. Ubishi huo ni somo zuri kwa mwanafunzi atakayechukua sampuli katika mabonde ya Kasulu, ambako migomba ya leo humwaga faitolithi zake juu ya zile za kale kila msimu.

Wakati mwingine ushahidi haudai maabara hata kidogo. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wafinyanzi walipamba vyungu kwa kuviringisha gunzi la mahindi juu ya udongo ambao haujakauka, na kigae chenye alama hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya mahindi kufika barani, yaani kabla ya karne ya 16. Vigae vyenye alama za kamba ya nyasi iliyosokotwa, kinyume chake, vimeenea katika eneo zima la Maziwa Makuu kuanzia karibu mwishoni mwa milenia ya kwanza BK, na vile vya Urewe, vyenye kibonyeo chini ya kitako, ni vya wakulima na wafua chuma waliotangulia hapo kwa karne nyingi.

Chuma na kilimo haviwezi kutenganishwa katika ukanda huu. Peter Schmidt, aliyefanya kazi Kagera kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 akiongozwa na kumbukumbu za wazee wa Kihaya hadi kwenye eneo la kale la ufuaji chuma la Katuruka, na Marie-Claude Van Grunderbeek na wenzake nchini Rwanda na Burundi, walionyesha kwamba matanuri ya kale yalihifadhi makaa na mabaki ya mimea kiasi cha kueleza misitu ilivyofyekwa kupisha mashamba katika karne za kwanza BK, na pengine kabla ya hapo. Buha inapakana na Kagera na Burundi, na chuma kilifuliwa humo pia, kwa hiyo mwanafunzi anayekutana na mavi ya chuma, yaani taka za uyeyushaji wake, kwenye shamba la mahindi hana sababu ya kuyapita. Chini ya tanuri panaweza kuwa na sampuli bora ya mimea kuliko chini ya nyumba, kwa kuwa shimo lake halikuguswa tena.

Ushahidi mwingine wa kilimo cha nyanda hizi hauko kwenye nyanda zenyewe, bali chini kabisa, ambako Mto Ruchugi unaoshuka kutoka Kasulu hukutana na Malagarasi. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi za chumvi za Uvinza na kukuta kwamba maji ya chumvi yalichemshwa hapo tangu karne ya 5 au ya 6 BK. Anayekula nyama na maziwa kwa wingi hupata chumvi humo, lakini anayeishi kwa nafaka, ndizi na mboga huitafuta; kwa hiyo kiwanda cha chumvi kilichodumu kwa karne 14 au zaidi kinaashiria kuwapo kwa walaji wa nafaka katika nchi zilizokizunguka. Katika karne ya 19 maelfu ya watu, wakiwamo Waha, walikuwa wakishuka Uvinza wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, kuchemsha chumvi na kulipa ushuru kwa watawala wa Wavinza. Ratiba ya chumvi ilifuata ratiba ya shamba, na inafaa kukumbukwa kwamba ratiba hiyohiyo ndiyo inayofuatwa na wanafunzi wa leo, ambao hawawezi kuchimba mashimo wakati wa masika.

Tope la Ziwa Tanganyika nalo husimulia. Kuanzia mwaka 1998 Mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, uliwaleta Kigoma wanafunzi wa Kimarekani na wa nchi zinazolizunguka ziwa kujifunza utafiti wa uwandani, ikiwa ni pamoja na kusoma tope la sakafu ya ziwa lililotolewa kwa mabomba marefu, ambamo kila tabaka ni udongo ulioletwa na mito katika kipindi fulani. Matabaka ya juu hupimwa kwa risasi ya 210, isotopu inayopungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi na kwa hiyo hufaa kwa karne moja na nusu tu iliyopita. Utafiti wa Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kaskazini mwa ziwa, penye watu wengi, dalili za mmomonyoko zilianza kuongezeka kabla ya utawala wa kikoloni, na kwamba udongo mwingi uliingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa mvua kubwa zilizoinua kina cha maziwa mengi ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa akiolojia anapaswa kuuchukulia ushahidi huo kwa uangalifu, kwa kuwa maji ya Kasulu na Kibondo hupita kwanza kwenye mabwawa na mabonde ya Malagarasi, ambayo hubakiza tope jingi njiani kabla halijafika ziwani.

Linabaki tabaka la juu kabisa, ambalo ndilo wachimbaji huliondoa kwa haraka kuliko yote na ambalo katika Buha linastahili subira. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa sehemu nyingi za Kibondo na Kasulu kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja ili kuwaepusha na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha wengine kwenda vijiji vya Ujamaa, na baadaye kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Nduta zikajengwa, zikiwa na mashimo ya vyoo na bustani zinazokatiza matabaka ya chini. Matokeo yake ni kwamba porini na pembezoni mwa vijiji yamebaki mahame, yaani makazi yaliyoachwa, ambayo hutambulika kwa ua wa minyaa usio na nyumba ndani yake, mwembe uliosimama peke yake, mafiga matatu na udongo mweusi wa jalala la zamani. Mahame ambayo tarehe ya kuachwa kwake inajulikana ni darasa lisilo na mfano, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuelesha udongo wa jalala hilo, akahesabu mbegu alizozipata, kisha akamuuliza aliyeishi hapo alikuwa akilima nini. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kipimo cha kile ambacho ardhi ya Kasulu husahau, na bila kipimo hicho idadi ya mbegu kutoka shimo la miaka 1,000 haina tafsiri ya uhakika.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza kufundisha akiolojia mwaka 1985, huwapeleka wanafunzi wake uwandani kama sehemu ya masomo, na yeyote anayechimba nchini lazima awe na kibali kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hiyo huyatambua mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, mpaka unaoyaacha mahame ya 1972 nje ya ulinzi wake wa moja kwa moja, hivyo ruhusa ya kufanya kazi humo hutegemea zaidi makubaliano na mwenye shamba na serikali ya kijiji. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya kuhamishwa sasa amepita miaka 70. Kikosi kitakachopanga kazi Kasulu au Kibondo kitakuwa na sababu nzuri ya kuanza na mahojiano katika msimu wa kwanza, na kuyaachia mashimo ya karne za kale msimu wa pili.